Mzee kalala mpaka kesho yake, figo zinahusika?

SWALI: Shikamoo dokta. Baba figo zimefeli, anasafishwa damu kwa mashine, sasa juzi alitakiwa kupima tumbo kwa kamera wakamchoma sindano ya usingizi inaitwa midazolam, tukajua ataamka muda si mrefu, kumbe jioni nzima ukimwita anafumbua jicho moja anasema "ee" anarudi kulala, kesho yake asubuhi ndo akaomba chai. Mashangazi wanasema alizidishiwa dozi. Halafu usiku nyumbani halali kabisa, jirani katupa Valium, tumpe?
Binti wa Mwanjelwa, Mbeya

JIBU: Marahaba binti, pole na kuuguza. Kuhusu dozi mimi faili sijaliona, ila hata dozi ya kawaida inaweza kumlaza hivyo mtu ambaye figo hazifanyi kazi. Wengi wanakwambia midazolam inashughulikiwa na ini, figo haihusiki, na ni kweli ini ndo linaivunja, lakini mabaki yake yanatakiwa yatoke kwa mkojo, na mabaki hayo bado yanaleta usingizi! Mwaka 1995 jarida la Lancet lilitoa utafiti wa wagonjwa 5 ambao figo zao zilikuwa hoi, walichelewa sana kuamka, walipopimwa damu midazolam yenyewe ilishashuka ila mabaki yamejaa tele, wakachomwa flumazenil, dawa inayozima hizo za usingizi, wakaamka hapo hapo. Kwa hiyo waambie mashangazi wapunguze moto kwanza. Siku nyingine kabla ya sindano yoyote semeni mapema mzee anasafishwa damu, msisubiri kuulizwa, kuna dawa kama propofol ambazo figo mbovu haziziathiri sana, mtaalamu wa usingizi atachagua.

Valium hapana, mrudishie jirani yako. Inakaa mwilini siku kadhaa, mabaki yake nayo yana nguvu, na mashine ya kusafisha damu haiitoi kwa kiasi cha maana, mzee ataamka usiku kwenda chooni anayumba aanguke avunjike nyonga. Mimi ningeanza na kwa nini halali. Anajikuna usiku? Miguu inamsumbua hadi hawezi kuituliza? Au anapiga usingizi mrefu mchana akiwa kwenye mashine? Hayo matatu ni ya kawaida sana kwa wanaosafishwa damu na yana tiba zake, mwambieni nesi wa mashine siku ya zamu yake inayofuata. Akilala tena kama juzi na pumzi inakuja kwa shida, hospitali saa hiyo hiyo.