Kulinda Viota vya Ufukoni Pamoja na Watoto: Kosa Nililolifanya Msimbati

Siku ya kwanza nilipowapeleka wanafunzi wangu wa klabu ya mazingira katika ufuo wa Msimbati, nilifanya kosa ambalo ningependa mwalimu au mzazi mwingine wa Mtwara aliepuke. Tulikuwa tumegundua kiota cha yule ndege mdogo mwenye paji jeupe na mgongo wa rangi ya mchanga, anayekimbia mbiombio pembezoni mwa maji, nami nikawaruhusu watoto wote, thelathini kasoro wawili, wasogee kwa zamu kukitazama. Ndege aliyekuwa akiatamia aliondoka. Tulipokuwa tukirudi kwenye kivuli cha minazi, kunguru wawili walishuka pale pale tulipokuwa tumesimama, na mayai yote mawili yakaliwa mbele ya macho ya watoto.

Tangu hapo kanuni yangu ni kwamba mtoto anayelinda kiota hana haja ya kukiona. Kiota chenyewe ni kishimo tu mchangani, na ndege huyu mara nyingi huyafukia mayai yake kidogo kwa mchanga anapoondoka, kwa hiyo kinga yake kubwa ni kutojulikana alipo. Huatamia kwa takriban wiki nne, dume na jike wakipokezana, na kumfukuza wakati wa jua la saa sita ni kuyaacha mayai yaungue. Wafundisheni watoto dalili moja: ndege akiburuta bawa kana kwamba limevunjika, basi wamekwisha kusogea mno, na warudi kwa njia waliyojia.

Nilikuwa nimesoma kwamba jamaa wa ndege huyu anayetaga kwenye fukwe za Maziwa Makuu ya Marekani alibakiwa na jozi zisizofika 20 katika miaka ya 1980, na kwamba watu wa kujitolea huko huzungushia viota kamba na kuweka vibao. Ndege wa kwetu hajafikia hatari hiyo duniani, lakini tuliiga, na kibao chetu kikawa mwaliko kwa kila mpita njia. Sasa hatuweki alama yoyote karibu na kiota, bali tunazungumza na wavuvi ana kwa ana, na nakiri kwamba wao ndio walinzi wetu bora kuliko klabu nzima.

Kazi kubwa ya watoto imekuwa ni kuwanyima kunguru sababu ya kuja. Kunguru hawa wenye shingo ya kijivu, walioletwa Unguja kutoka India katika miaka ya 1890, hufuata utumbo wa samaki na mabaki ya chakula, kwa hiyo watoto huzoa taka na kuwakumbusha kina mama wanaopara samaki wafukie utumbo mbali na mahali ndege wanapotaga. Wanaotembea na mbwa huombwa wawafunge. Kuhusu magari na bodaboda, ambazo hupita sana kwenye ufuo huu kwa kuwa mchanga wake ni mgumu, mtu mzima ndiye anayewasimamisha madereva na kuwaomba wapite chini, mbali na mchanga mkavu ulio juu ya mstari wa maji ya bamvua. Kamwe msimtume mtoto kusimama mbele ya gari.

Kabla ya kuanza, pateni ridhaa ya wazazi na mzungumze na serikali ya kijiji na BMU (kikundi cha wanakijiji kinachosimamia ufuo na uvuvi), na pia na maofisa wa Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, maana Msimbati imo ndani yake. Mimi huchukua watoto watano tu kwa siku, alasiri wakishatoka madrasa, maji yakiwa yamekupwa, tukiwa na mtu mzima anayejua kuogelea. Wale wengine ishirini na tatu hununa, lakini zamu yao hufika.