Jibu: Kwa nini theluji huangukia pwani na kuiacha bara

Ndugu, umeuliza kwa nini pwani ya mashariki ya Marekani wakati mwingine hufunikwa na theluji huku bara, ambako baridi ni kali zaidi, kukibaki kukavu. Baridi peke yake haitoshi. Lazima pawe na unyevu, na hapo njia ya dhoruba ndiyo inayoamua.

Dhoruba hizi hupata nguvu baharini, pale hewa baridi ya nchi kavu inapokutana na joto la Mkondo wa Ghuba (mkondo wa maji ya joto katika Atlantiki), kisha huelekea kaskazini mashariki. Kitovu cha dhoruba kikipita mbali na ufuko, ukingo wa mawingu hugusa pwani tu. Bara hewa huwa kavu mno: rada huweza kuonyesha theluji, kumbe chembe zake zinageuka mvuke kabla ya kufika chini. Kwa hiyo usiitegemee rada pekee.

Desemba 1989, Wilmington, North Carolina, ilipata takriban sentimita 39 za theluji, huku maeneo mengi ya bara ya jimbo hilo yakiambulia kidogo sana. Kitovu kikisogelea nchi kavu mambo hugeuka: joto la bahari huipa pwani mvua, theluji ikahamia bara.