Jibu: Mbwa aliyekondeana, unayemlea kwa muda

Dada, umeuliza kama mbwa uliyemchukua huko Gungu, aliyeachwa kwenye mnyororo mpaka mbavu zinahesabika, umshibishe ugali anenepe haraka. Tafadhali usifanye hivyo. Mwili uliozoea njaa ukipewa wanga mwingi ghafla, madini ya damu huvurugika na moyo unaweza kusimama. Mpe kidogo kidogo, mara nne au tano kwa siku: dagaa waliorowekwa na kuchemshwa bila chumvi (Kigoma hatukosi), ugali kiasi tu. Maji yawepo muda wote. Ongeza polepole.

Daktari wa mifugo amwone mapema kwa minyoo, kupe na chanjo ya kichaa cha mbwa. Akikung'ata, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo.

Woga ndio utakaochelewa kuisha. Usimkazie macho wala kumkumbatia. Kaa chini, mgeuzie ubavu, aje mwenyewe. Watoto wasimsogelee anapokula.

Na usimkabidhi mtu kabla hujaona atakapoishi. Anayetaka kumfunga kutwa mnyime, hata akiwa ndugu.