Hatifungani za Bitcoin: nipitie kwa dalali au niweke moja kwa moja?

SWALI: Assalaam alaykum ustadhi. Nafanya biashara ya mchele hapa Igurusi. Rafiki yangu wa Mbeya mjini anauza hatifungani za Bitcoin, ile sarafu ya mtandaoni. Anakusanya pesa zetu na kuziweka kwa mtu mkubwa anayelipa asilimia 4 kwa wiki. Yeye anabaki na 1, sisi tunapata 3. Niliweka milioni 2, na kwa wiki 8 nimepokea shilingi 480,000. Shemeji yangu naye nimemwingiza. Sasa naambiwa naweza kuweka moja kwa moja kwa yule mkubwa nipate 4 zote. Njia ipi ina faida zaidi, na ipi ni halali?

JIBU: Waalaykumus salaam warahmatullah. Ndugu yangu, umeniuliza kuhusu 3 na 4, lakini hukunieleza huyo mkubwa anafanya biashara gani. Nadhani hata wewe hujaambiwa. Ukinunua mpunga Mbarali unajua umelimwa wapi na umekobolewa kwenye mashine gani, na bei ikianguka kabla hujafika Mwanjelwa, hasara ni yako. Ndiyo maana faida yake ni yako pia. Mtume (s.a.w.) amesema mapato hufuata dhamana, yaani anayebeba hasara ndiye mwenye haki ya faida. Nyinyi mmeahidiwa mtaji wote pamoja na nyongeza ya kila wiki, soko lipande au lishuke. Hiyo ni riba, ipite kwa dalali au isipite. "Mwenyezi Mungu amehalalisha biashara na ameharamisha riba" (2:275).

Tena piga hesabu. Milioni 1 kwa asilimia 4 kila wiki, faida ikirudishwa humo humo, baada ya wiki 52 inakaribia milioni 7 na laki 7. Ni mchele gani, au parachichi gani la Rungwe, linalozaa hivyo?

Jambo hili limeshatokea. Mwaka 2012 huko Texas, Marekani, Trendon Shavers aliahidi asilimia 7 kwa wiki kwa waliomkopesha Bitcoin. Wengine walinunua hatifungani za madalali waliokusanya, wakampelekea yeye na kukata chao, kama afanyavyo rafiki yako. Agosti mwaka huo mfuko ukafungwa. Chungu kilikuwa kimoja, kwa hiyo aliyepitia kwa dalali na aliyekwenda mwenyewe walipoteza pesa pamoja. Ilibainika mahakamani kwamba wa zamani walilipwa kwa pesa za wapya, na mwaka 2016 Shavers alihukumiwa kifungo cha mwaka mmoja na nusu. Hapa kwetu, waliopanda mbegu, yaani kuweka pesa zao, katika upatu wa DECI kabla serikali haijaisimamisha mwaka 2009 hawahitaji kusimuliwa.

Kuhusu rafiki yako naandika kwa huzuni, maana huenda hajui. Jabir (r.a.) amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alimlaani mla riba, anayeilisha, anayeiandika na mashahidi wake wawili, akasema wote ni sawa (Muslim). Basi anayekusanya na kuandika hati hayuko nje. Muulize pia: alizichukua pesa zako kama wakala, au alizikopa yeye? Wakala ni mwaminiwa, halipi kilichopotea ila kwa uzembe wake au kwa kuvuka mipaka. Aliyekopa anadaiwa mpaka alipe.

Kununua Bitcoin yenyewe kwa pesa yako ni mlango mwingine. Mufti wa Misri aliikataza Januari 2018, na wako wanazuoni walioiruhusu kwa masharti. Benki Kuu yetu nayo ilitoa tahadhari Novemba 2019. Mimi sikushauri, lakini hukumu yake si hukumu ya riba hii.

Sasa la kufanya. Usihamie kwa mkubwa. Allah anasema: "Na mkitubu, basi haki yenu ni rasilimali zenu, msidhulumu wala msidhulumiwe" (2:279). Haki yako ni milioni 2 tu. Zile 480,000 zihesabu kuwa sehemu ya mtaji uliorudi, kisha dai 1,520,000 zilizobaki. Wakikupa zaidi, usipokee, kwa sababu huenda ni mtaji wa mjane fulani aliyeingia wiki iliyopita.

Na shemeji yako mwambie leo, kabla hajaongeza. Aliingia kwa sababu yako. Mweleze kwamba ulikosea, na mwende pamoja kudai. Wallahu aalam.