Nyumba ni Ndogo, Lakini Mtoto Naye Apate Chake

Tunaishi watu saba kwenye vyumba viwili na sebule: mimi na mume wangu, watoto wetu watatu, mama mkwe na wifi yangu. Kwa miaka mingi niliamini kumzoesha mtoto kujitegemea ni mambo ya wenye nyumba kubwa. Sasa naona kilichokuwa kikitukwamisha ni wingi wa mikono kuliko uchache wa vyumba.

Chukua suala la shati. Kitinda mimba wetu, alipokuwa na miaka minne, alikaa ukingoni mwa kitanda kila asubuhi akihangaika na vifungo, ulimi nje. Cha kwanza anakiingiza kwenye tundu la pili, shati linakwenda upande. Wakati huohuo watu sita wanapishana kuwahi bafuni, na yeye yuko njiani. Baba yake anapita, anainama, anamfungia. Kesho wifi. Keshokutwa bibi. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya, kila mmoja alikuwa anampenda na ana haraka. Siku moja mwalimu wake wa chekechea akaniambia mtoto akimwona mtu mzima anamsogelea, anainua kidevu na kusubiri afungwe. Nilikosa usingizi usiku ule.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza ni huu: kaeni watu wazima wote mkubaliane, watoto wakiwa wamelala. Mama peke yake hawezi. Mama mkwe aliniambia, "Mwanangu, mimi siwezi kumtazama mjukuu wangu akitaabika." Nikamwomba, "Mama, hesabu kimoyomoyo mpaka ishirini. Akikuita, msaidie." Akakubali, nami nikaanza kumwamsha mtoto dakika 15 mapema. Bila dakika hizo mpango wote ungevunjika, kwa sababu mwenye haraka hana subira ya kifungo.

Tulishusha pia msumari wa kutundikia begi lake hadi usawa wa kifua chake, na kikombe chake tukakihamishia rafu ya chini. Dawa, viberiti na visu vikapanda juu kabisa, hapo hakuna mjadala. Maria Montessori, daktari na mwalimu wa Italia aliyewafundisha watoto kujitegemea, alipofungua darasa lake la kwanza mwaka 1907, lilikuwa ndani ya jengo la makazi ya familia maskini mtaa wa San Lorenzo, Roma, na aliwatengenezea watoto meza na viti vya kimo chao. Hunitia moyo kukumbuka kwamba mambo haya yalianzia kwenye msongamano kama wetu.

Kwa binti yangu mkubwa, wa miaka 11, nilikosea vibaya zaidi. Ana boksi lake chini ya kitanda. Nikifagia, nililifungua nikasoma barua aliyomwandikia rafiki yake. Alinikuta nayo mkononi. Hakulia wala hakusema kitu, alilifunika tu boksi lake taratibu, na kwa siku mbili alinijibu "ndiyo" na "hapana" tu.

Nilimwomba msamaha mbele ya wadogo zake, maana kosa lenyewe waliliona. Tukawekeana ahadi: boksi halifunguliwi bila mwenyewe, na nikiingiwa na hofu juu ya usalama wake nitamwambia kwanza, tulifungue pamoja. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kifungu cha 16, unampa mtoto haki ya faragha. Haujasema awe na chumba chake. Kwetu sisi faragha ni boksi moja, pazia linalopigiwa hodi, na nusu saa ya jioni ambayo chumba cha watoto ni chake peke yake, wadogo zake wakiwa nje na baba yao.

Wa katikati tumemwachia achague nguo zake za mwisho wa juma. Hazilingani hata kidogo, na tumekubaliana hakuna wa kumcheka.

Vifungo vilichukua karibu miezi miwili. Jana asubuhi nilipochungulia, kitinda mimba alikuwa kwenye kifungo cha juu kabisa, kile kigumu. Bibi yake alikuwa amekaa pembeni yake, mikono ameibana chini ya mapaja, midomo inachezacheza: kumi na saba, kumi na nane.