Kabla ya kumtaja bata mwitu, uliza ni mwezi gani

Anayeanza kutazama ndege huchoka haraka akifika kwa bata mwitu, maana wengi huonekana wa kahawia tu. Kosa ni kuanza na rangi ya mwili. Mimi huanza na mwezi, kisha mdomo, kisha bawa.

Mchukue bata aitwaye kisayansi Anas platyrhynchos (kila aina hapa naitaja kwa jina la kisayansi, kisha kwa neno lake la pili tu), ambaye dume wake anajulikana kwa kichwa cha kijani kinachong'aa. Akishamaliza msimu wa kuzaliana hupukutisha manyoya na kuvaa ya kahawia kama jike. Manyoya makuu ya mabawa hutoka yote kwa pamoja, kwa hiyo kwa wiki 3 au 4 hawezi kuruka. Ndiyo maana huko Ulaya, mwezi Julai, utadhani ziwa zima lina majike matupu. Tazama midomo: wa dume hubaki manjano iliyochanganyika na kijani, wa jike ni wa rangi ya chungwa wenye mabaka meusi.

Jike huyo hufanana mno na jike wa aina nyingine, Mareca strepera. Hapo subiri ajinyooshe au aruke (subira ndiyo nusu ya kazi hii). Bawa la platyrhynchos lina kipande cha buluu chenye ukingo mweupe mbele na nyuma. La strepera lina kipande cheupe. Tumbo la strepera pia ni jeupe.

Wanaonipa taabu kuliko wote ni wale wadogo wawili, Anas crecca na Spatula querquedula. Karibu querquedula wote huhama Ulaya kwenda Afrika na Asia ya Kusini, hivyo bata mdogo wa Januari kule Uingereza mhesabu kuwa crecca hadi uone ushahidi mwingine. Afrika Mashariki mwezi huohuo, querquedula dume anaweza kuwa bado amevaa kama jike. Mtazame usoni: ana mistari iliyokolea na doa jeupe karibu na mdomo. Uso wa crecca hauna michoro hiyo, ila ana mstari mweupe ubavuni mwa mkia.

Kwa Anas erythrorhyncha na Spatula hottentota, wakazi wa Afrika, mwezi hausaidii, hawabadiliki hivyo. Wote wana utosi mweusi na mashavu meupe-meupe, lakini mdomo wa wa kwanza ni mwekundu na wa pili ni wa buluu.