Maswali na majibu: Kodi (namba za hitilafu za injini) P0011 na ndugu zake

Swali: Fundi, taa ya injini imewaka, mashine ya kusomea hitilafu imetoa P0011. Naambiwa ninunue solenoidi ya VVT, ninunue?

Usinunue kitu kwanza ndugu yangu, chomoa kijiti cha oili uangalie. Hiyo kodi inasema tu kamshafti ya intake (shafti inayofungua valvu za kuingiza hewa), benki 1, yaani upande wenye silinda namba 1, imewahi kuliko kompyuta ilivyoamuru, haijasema kifaa gani kimekufa. VVT, yaani mfumo unaowahisha au kuchelewesha kufunguka kwa valvu, inasukumwa na presha ya oili hiyohiyo inayolainisha injini, na solenoidi ni valvu ya umeme inayoongoza hiyo oili, sasa oili ikipungua au ikichafuka, au umeweka nzito kuliko kitabu cha gari kinavyotaka, mfumo unachelewa kuitikia na kodi inakuja wakati solenoidi ni nzima kabisa. Mimi inaniuma kuona mtu katoa hela ya kifaa kipya halafu taa inarudi. Badilisha oili na filta, futa kodi, tembelea siku kadhaa ndo upime tena.

Swali: Oili nimebadilisha, kodi imerudi. Solenoidi nitaijuaje kama ni nzima?

Hapo sasa ifungue. Tazama kichujio chake cha wavu, ni kidogo sana, na mara nyingi utakuta tope jeusi limeganda kwenye matundu. Ioshe kwa sprei ya kusafishia breki, kisha pima ukinzani, Toyota nyingi zinasoma kama ohmu 7 hivi injini ikiwa baridi, gari nyingine fuata kitabu chake. Halafu igusishe volti 12, gusa na uachie, usiishikilie itaungua. Pini ya ndani inatakiwa iruke mbele na ukiachia irudi yote, ikirudi nusu ndo mchawi wako huyo. Ikiwa nzima irudishe, washa injini iwe sailensa (ingurume bila kukanyaga mafuta), ipe tena volti 12 kidogo: injini inatakiwa itetemeke au izime. Isiposhtuka kabisa, basi oili haifiki au gia ya VVT yenyewe imekwama.

Swali: Yangu ni P0010, rafiki yangu P0021. Ni ugonjwa mmoja?

Hapana. P0010 ni umeme, anza na waya na konekta. P0021 ni kama P0011 ila benki 2, yaani upande usio na silinda namba 1.

Swali: P0016, na asubuhi nikiwasha kuna mlio wa kukwaruza mbele ya injini sekunde chache. Naweza kuendelea kuendesha?

Dada, naomba uipaki. Kodi hiyo maana yake krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) na kamshafti hazikubaliani, na ukijumlisha na huo mlio mimi nashuku cheni ya taiming inayoziunganisha imelegea au tenshena, kile kifaa cha kuikaza, imechoka. Cheni ikiruka meno zaidi, kwenye injini nyingi valvu zinagonga pistoni na hapo unaongelea kufungua injini nzima. Fundi afungue kava aangalie alama za taiming kwa macho yake, na kama cheni ilibadilishwa majuzi tu aanze na hizohizo alama, jino moja likipishana linatosha kuleta P0016.